Majogoo Wawili wa Mama na Msikiti wa Ng'ambo

Tangu nirudi, simu yangu haipoi. Bana Mwila ananitumia ujumbe wa sauti, yule ndugu yetu wa Lubumbashi ananitumia ujumbe wa sauti, na wote wanauliza swali moja: kulikuwaje huko? Nikieleza kwa mdomo nakatizwa na wateja, kila mtu anabaki na kipande chake, halafu anakwenda kukipika upya. Basi naandika mara moja, msome wote, tuachane na maswali. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha vitabu, ila watu wakisema nitawaacha waseme kwa midomo yao. Mambo ya karatasi za mpakani siyagusi. Mnayajua, na hayana utamu.

Kwanza mjue kwa nini nilikwenda, maana wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba mimi, Bana Chola, nimesilimu. Sijasilimu. Jumapili niko kwenye kwaya kama kawaida, sauti ya pili, na siku hizi naimba kwa nguvu zaidi ili mnisikie vizuri.

Habari ni ya mama yangu. Ninyi mnamwita Mama Agnesi, lakini alizaliwa Zena, katika familia ya Kiislamu upande wa Congo, kwenye kijiji kimoja cha ndani chenye msikiti wa zamani sana. Wanasema waliujenga watu wa misafara waliotoka pwani, mababu wa mababu. Mama alipokuwa msichana alipendana na mvuvi wa Kashikishi, yaani baba yangu, akavuka naye ziwa, akabatizwa. Kaka yake, Rashidi, aliapa mbele ya watu kwamba chakula cha mkono wa Zena hakitapita tena kooni mwake. Imepita miaka zaidi ya arobaini. Rashidi ndiye anayeutunza msikiti ule sasa.

Kwa Kibemba kaka wa mama ni yama, na mnajua yama ana kazi gani: bila yeye harusi ya mtoto wa dada yake haikamiliki. Kwenye harusi yangu kiti cha yama alikikalia jirani, mtu wa watu, aliombwa tu. Niliona aibu siku ile na mpaka leo naiona.

Mwaka huu miguu ya mama imevimba, hata kanisani hafiki. Siku moja ya mvua, ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, hakuna kuvua, mimi nimekaa nyumbani bila kazi, akaniita.

"Enda kule kwetu," akasema. "Uone na macho yako kama ile mosquée ingali inasimama. Na umupelekee yaya yangu Rashidi majogoo yangu mbili. Akikula, amenisamehe. Asipokula, rudia unielezee vile iko. Usinipambie maneno, mimi si mutoto."

"Sawa, mama."

"Na majogoo bafike bazima."

Hakusema kwa nini wafike wazima, nami sikuuliza. Tangu utoto wetu mama haongei mambo ya dini yake ya zamani. Nilidhani ni makelele ya wazee tu.

Nchelenge hadi Kashikishi

Safari hii ni fupi, mnaijua, lakini mimi iliniweka asubuhi nzima. Basi dogo la kwanza dereva alikataa majogoo. La pili aliwakubali majogoo akanikataa mimi, kwa sababu ya kapu langu la pili, la vyombo. Nikamwambia, "Ba dereva, kuku wanalipa nauli na mimi nabaki stendi?" Abiria wakacheka, mwanamke mmoja akasogea, nikapanda.

Majogoo wenyewe walikuwa wazuri kweli. Mmoja mwekundu, mmoja mwenye madoa, wazito. Mama aliwalea kwa mahindi ambayo mimi nilikuwa nakatazwa kuyagusa.

Kashikishi ilikuwa kimya kama inavyokuwa ziwa likifungwa. Nyavu zimeanikwa, wanaume wanacheza dama, harufu ya samaki imepungua mpaka unajiuliza kama uko mahali penyewe. Boti ya kuvuka ilikuwa ya Ba Mulenga, mnamfahamu, shemasi wa kanisa la pale juu, mtu mwenye sauti kubwa na roho nyepesi. Alinitazama na makapu yangu.

"Bana Chola, unaenda kuuza kuku Congo?"

"Naenda kuangalia msikiti."

Akaweka kamba chini. "Msikiti? Wa nini?"

"Kuangalia tu. Watu hawatembei?"

"Bazungu ndiyo wanatembea kuangalia nyumba," akasema, lakini akanipokea kapu.

Kisiwani, siku tatu ambazo hazikuwa kwenye mpango

Tulitoka hewa imetulia. Katikati ya maji upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kuingia ndani, tukawa tunachota maji kwa mabeseni, mimi na mama mmoja muuza vitenge na vijana wawili waliokuwa wanatapika. Ba Mulenga hakubishana na ziwa. Akageuza kichwa cha boti, akaenda kujificha kisiwani.

Tulikaa siku tatu. Tulilala kwa jamaa zake Ba Mulenga, kambi ya wavuvi, nyumba za majani. Chakula kilikuwa ugali wetu wa bwali na dagaa wetu wa chisense, asubuhi chisense, jioni chisense, na siku ya pili mwenye nyumba akaomba radhi akatuletea chisense kwa nyanya. Silalamiki. Mimi nimelelewa na chisense. Ila majogoo walikuwa na shida. Wamefungwa miguu, mvua inawanyeshea, wanawika saa ambazo hakuna mtu anataka kuamka, na watoto wa kambi wanawachokoza. Asubuhi ya tatu yule mwenye madoa alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamefumba nusu, kinyesi cha kijani.

Sasa hapa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa kujiamini.

Sisi tunaouza samaki hatungoji kitu kife. Ndivyo tulivyofundishwa. Samaki akianza kulegea, unamtoa matumbo, unampasua, unampandisha kwenye chanja juu ya moshi, na kesho ana thamani kuliko jana. Kitu kibichi hakisafiri, kitu hai hakisafiri, kinachosafiri ni kitu cha moshi. Nimefanya hivyo miaka yote na sijawahi kula hasara ya kijinga. Nikawaza: mama anataka kaka yake ale kuku. Kuku akifia njiani atakula nini? Na huyo mwekundu akiambukizwa? Mama aliongea vile kwa sababu hajui njia. Nikimpelekea mjomba kuku wa moshi, wamekauka vizuri, wananukia, si ndiyo heshima zaidi kuliko kumtupia mzee mnyama mwenye kuhara?

Nikamwita Ba Mulenga. Yeye ndiye mwenye kisu kikali. Na kwa kuwa ni shemasi, hakuchinja hivihivi. Alivua kofia akaomba, akamshukuru Mungu kwa ziwa na kwa upepo na kwa Bana Chola, sala ndefu mpaka yule mwekundu akanyea kwenye viatu vyake. Halafu akawachinja wote wawili. Nilitoa manyoya, nikapasua mgongoni kama tunavyopasua samaki, chumvi kidogo, nikawapandisha kwenye chanja ya mwenye nyumba, kuni za mubanga. Jioni walikuwa na rangi ya dhahabu. Watu wa kambi walisimama kuwatazama. Nilijipongeza sana, tena kwa sauti.

Kwa pikipiki

Upande wa pili tulishuka kwenye bandari ndogo yenye matope mpaka magotini. Ba Mulenga alisema atakaa siku tatu kutafuta mzigo wa mihogo, nisipotokea anaondoka.

Pale nikapata kijana wa pikipiki, jina lake Trezo, mwenye miwani ya jua ingawa jua halikuwepo. Nikamwambia nataka kufika kijijini kwenye msikiti wa zamani.

"Tantine, uko musulmane?"

"Hapana. Nataka kuona tu."

"Uko wa ONG, wale ba miradi?"

"Niko wa Kashikishi."

Hilo halikumtosha. Njia nzima alinihoji mgongo ukiwa kwangu, upepo unakula nusu ya maneno. Mtu anayesafiri kwenda kuona nyumba ya kusalia ya dini isiyo yake, na hataki kuinunua wala kuiandikia ripoti, kwake alikuwa mtu wa kushangaza. Mwishowe akaamua mwenyewe kwamba mimi ni mganga natafuta dawa, akawa na adabu sana, na kwenye kilima akaniuliza kama nina kitu cha kusaidia mtu anayekataliwa na mabinti. Nikamwambia avue miwani.

Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza daraja la miti lilikuwa limekwenda na maji, tukangoja watu wa shamba watuvushe pikipiki kwa mabega, na wakati wa kungoja mwanamke mmoja akatupa mihogo ya kuchoma na karanga, hakutaka chochote. Mara ya pili ni mnyororo ulikatika. Nilikaa juu ya kapu langu kando ya njia, nikinusa kuku wangu, nikijiona mtu mwenye mipango mizuri.

Njiani nikapanga pia namna ya kuingia. Sitasema mimi ni nani. Nitafika kama mgeni wa kawaida, mtembezi, nitaomba kuonyeshwa msikiti. Nimpime kwanza yama huyu, nione hasira yake ina ukubwa gani. Akiwa mtu wa matusi, natazama, naaga, naondoka, na mama namwambia msikiti ungali umesimama.

Msikiti

Ungali umesimama. Nyumba ndogo, si kubwa kama nilivyokuwa naisikia kwenye hadithi za mama, haina mnara, bati juu ambapo zamani paliezekwa nyasi. Lakini kuta! Ni nene hivi kwamba nilipoweka mkono dirishani vidole vyangu havikufika ndani. Mlango wa mbao nzito umechongwa maua na duara, kingo zimelainishwa na mikono ya watu. Mbele kuna uwanja wa udongo, mtende mmoja mzee, na mtungi wa maji ya kunawa.

Mzee alitoka upande wa kivuli, mrefu, mwembamba, kanzu iliyofuliwa sana, kofia. Pua ya mama kabisa. Nikajua ndiye Rashidi. Nikafanya kile tunachofanya sisi mbele ya mzee: nikapiga magoti pale pale mlangoni, nikapiga makofi taratibu ya salamu.

"Simama, simama, mama!" akasema haraka. "Hapa mbele ya mulango hatupigie mutu magoti. Ni Mungu tu."

Nikasimama, goti limejaa matope, uso umepata moto. Nikaomba radhi. Akacheka kidogo, bila ubaya.

"Unatoka upande wa Babemba. Naona. Unatafuta nani?"

"Natafuta kuona msikiti tu, baba, kama inaruhusiwa. Mimi ni Mkristo. Kama hairuhusiwi nitatazama nje."

"Inaruhusiwa. Ungoje bamalize, kuko mutu anasali."

Tukangoja. Nikavua viatu, akanionyesha pa kuviweka, nikanawa miguu kwenye mtungi, maji ya baridi. Kitenge changu cha pili nikakitandaza kichwani mpaka mabegani, nikauliza kama inatosha, akasema inatosha. Yule aliyekuwa anasali akatoka, akanisalimu, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo wa mvua. Mikeka imenyooshwa. Ukutani kuna kidaka kilichojengwa kwa upinde, ndipo panapoelekezwa nyuso wakati wa sala, na juu yake mstari wa maandishi uliofifia. Pembeni beseni la plastiki la kijani linakinga matone ya paa, to, to, to. Nilitembea kando ya ukuta tu, polepole, nisikanyage katikati ya mikeka. Sikutoa simu. Nilifikiria kuitoa, halafu nikaona haya, kwa sababu mahali pale palikuwa pametulia na mimi nilikuwa nimekuja na uongo wangu mdogo.

Mzee alinielezea kila kitu. Ukuta ule ulianguka upande mmoja zamani, baba yake ndiye aliyeurudishia, unaona matofali yalivyo tofauti. Mlango ulibebwa kwa mabega kutoka mbali. Wakati wa vita watu walilala humu ndani, wa dini zote, mbuzi nao. Anaongea huku anapapasa ukuta kwa kiganja.

Tulipotoka uwanjani alisimama, akatazama majani ya mtende yaliyotapakaa chini, akafyonya.

"Huu uwanja alikuwa anaufagia dada yangu," akasema. "Tangu aende, hakuna mutu anajua kuufagia. Banapitisha ufagio kati kati, kwenye kona banaachaka."

Miaka arobaini, jamani, na mtu bado analalamikia kona! Moyo wangu ulipasuka. Mpango wangu wote wa kumpima ukaishia pale.

"Yama," nikasema, "mimi ni mtoto wa Zena."

Alinitazama usoni, halafu miguuni, bado nilikuwa bila viatu. Alitazama vidole vya miguu yangu muda mrefu, kama anavitambua.

"Saa ya sala imefika," akasema mwishowe. "Enda nyumbani kwa bibi yangu. Ile nyumba ya mulango ya bleu."

Chakula

Mke wake, Mama Salima, ni mwanamke mnene wa haraka haraka. Aliposikia mimi ni nani alinishika mashavu kwa mikono miwili yenye unga, akapiga kigelegele, akajizuia, akatazama upande wa msikiti. Nikafungua kapu kwa fahari na kumwekea kuku wawili wa moshi juu ya sinia.

"Mama amemtumia yama. Amesema akila, amemsamehe."

"Aah!" akasema, uso umefurahi. Akawageuza, akawanusa. Halafu akauliza taratibu, "Nani alichinja hizi kuku?"

"Ba Mulenga, mwenye boti. Usiogope, ni shemasi. Aliomba vizuri, sala ndefu!"

Mama Salima akafunika sinia kwa kitambaa. "Sawa," akasema. Akaingia nayo jikoni.

Mzee aliporudi tulikaa mkekani. Kililetwa bukari, yaani ugali wao, sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa na karanga, samaki wa mtoni. Alinawa, akaninawisha mimi kwa mkono wake mwenyewe, akataja jina la Mungu, tukala sahani moja. Aliniuliza habari za miguu ya mama, za watoto wangu, kama baba yangu alikufa vizuri. Nilijibu, nakula, natazama mlango wa jikoni. Kuku hawaji. Sahani inakwisha. Kuku hawaji.

"Yama," nikasema, "na kuku wa mama?"

Akaondoa mkono sahanini. "Ile siwezi kukula."

Basi. Mnanijua. Damu ilinipanda. Nilisimama, nikamwambia mambo ambayo mtu hamwambii yama wake siku ya kwanza. Nikamwambia mama yangu anaoza miguu akingoja neno lake, nikamwambia alinibebesha aibu kwenye harusi yangu, nikamwambia samaki wake wa mtoni ana mifupa na moyo wake una mifupa. "Kwa sahani yako unanilisha, cha mkono wa dada yako unakikataa! Mungu gani huyo?" Hilo la mwisho nilijuta kabla halijamaliza kutoka. Nikachukua viatu mkononi, nikatoka mpaka barabarani.

Mama Salima alinifuata mbio, anahema, kitambaa kimemteleza.

"Mutoto yangu, simama. Simama, nakuambia! Kuku ya mutu asiye Musulmani alichinja, siye hapa hatukulake. Hata angetumia nani. Hata angekuwa mufalme. Zena anajua! Hakukuambia?"

Nikasimama katikati ya tope. *Majogoo bafike bazima.* Alijua. Alitaka mkono wa kaka yake uwachinje, ili ale bila shaka yoyote. Na mimi, bingwa wa moshi, nikaona najua kuliko yeye.

Nililia, siwafichi. Nililia barabarani kama mtoto, na Trezo, aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake, akavua miwani.

Nilirudi. Mzee alikuwa pale pale mkekani, hajanawa hata mkono. Nilipiga magoti, humu ndani mwake hakukataa. Nikamweleza kila kitu: kisiwa, upepo, kinyesi cha kijani, chanja, Ba Mulenga na sala yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kosa ni langu," nikasema. "Lakini mama alisema nisimpambie maneno. Nitamwambia hukula. Atauliza kwa nini, nitaeleza, lakini atasikia lile la kwanza tu. Yama, kama wangefika wazima, ungekula?"

Nilitaka aseme ndiyo. Ningeikunja ile ndiyo ningeipeleka nyumbani.

"Sijue," akasema. "Sitakudanganya. Nilikasirika sana na Zena. Baba yetu alikufa anauliza yeye eko wapi. Kama kuku ingefika nzima, pengine ningeifunga pale nyuma, ningeiangalia tu, siku ingepita, na ingine." Akapapasa mkeka. "Lakini nilipokuona unapiga makelele pale, ni yeye kabisa. Hata ile kidole anaonyeshaka mutu. Nikacheka ndani. Siku nyingi sijacheka vile."

Akanawa mkono. Akauliza, "Zena iko na kuku zingine?"

"Wamejaa. Wanakula hata mbegu zangu."

"Boti inatoka siku gani?"

"Rashidi," Mama Salima akasema toka mlangoni, "wewe unaogopaka maji. Hata mutoni haufikie."

"Ile kiapo nilisema mbele ya batu," akajibu, "kuivunja ndani ya nyumba yangu peke yangu, si kuvunja."

Kuku wa moshi nilimpa Trezo. Aliwapokea kwa mikono miwili, na mmoja hakufika mwisho wa kijiji.

Kurudi

Msione nimeandika fupi hapa mkadhani kulikuwa rahisi. Yama wangu kwenye pikipiki alifumba macho njia nzima. Bandarini alitazama ziwa, akatazama boti, akaniuliza kama hakuna barabara ya kuzunguka. Nikamwambia ipo, siku nne. Akapanda. Alikaa katikati, ameshika ubao kwa mikono yote miwili, na hakuuachia hata nilipompa chai.

Ba Mulenga nilimweleza habari za kuku kabla hatujaondoka. Alikuna kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliharibu," akasema. Nikamwambia hapana, kisu chako, akili yangu.

Tulikuwa katikati kabisa ya maji, hakuna pwani mbele wala nyuma, mzee akaniambia kwa sauti ndogo kwamba saa ya sala imefika, na anahitaji kujua kaskazini iko wapi, maana huko ndiko kwenye kibla. Nikamuuliza Ba Mulenga. Akaonyesha. Lakini sisi tulikuwa tunaelekea mashariki na ubao wa kukalia unaelekea huko huko. Mzee akijigeuza anaanguka. Nikaona anahangaika, anageuka, anashika, anageuka tena, kanzu imeloa.

Ba Mulenga akamtazama. Halafu bila kumuuliza mtu akasukuma usukani, akageuza kichwa cha boti chote kuelekea kaskazini, akapunguza injini ikawa inanguruma tu ya kutosha kushikilia mstari. Muuza vitenge, ambaye tulirudi naye, akaanza, "Ba kapiteni, tunakwenda wapi huku?"

"Nyamaza, mama," akasema Ba Mulenga. "Mtu anasali."

Akavua na kofia. Yama akasali amekaa, akiinamisha kichwa tu, na alipomaliza Ba Mulenga akavaa kofia, akarudisha boti njiani.

Nchelenge

Tulifika nyumbani alasiri. Nilimwomba yama angoje kidogo chini ya baraza, nje, niingie kwanza, maana mama ana moyo wa wasiwasi na sikutaka kumwangusha. Alikubali. Nadhani naye alihitaji kungoja.

Mama alikuwa chumbani, miguu juu ya stuli, anachambua maharage kwenye ungo. Hakunisalimu. Hakuuliza njia, hakuuliza upepo, siku zote zile nimepotea.

"Ingali inasimama?"

"Ingali, mama. Wameweka bati."

Akatikisa kichwa. Akaokota jiwe moja kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Alikula?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwenye boti. Yote yalinitoka.

"Hapana, mama. Hakukula."

Akaweka ungo chini polepole. Uso wake ulifungika. Nikaona nikichelewa hata pumzi moja nitamuua, nikasema haraka, "Majogoo niliwaharibu mimi, niliwachinjisha njiani, kosa ni langu. Yuko nje. Anauliza kisu kiko wapi."

Mama alinitazama. Kutoka barazani ikasikika sauti ya mtu anakohoa, halafu sauti hiyo hiyo ikasema kwa nguvu kidogo, "Zena! Na ufagio iko wapi? Huu uwanja nani anaufagia?"

Mama akapapasa kitandani akitafuta kitambaa, akakipata, akajifunika kichwa chote mpaka mabegani, namna ambayo sijawahi kumwona akijifunika.

"Ile kisu ya jikoni haikatake," akasema, analia. "Umwambie angojee. Ninakuya kuinoa mwenyewe."